Mliotoka sayansi mkaenda kusoma masta ya sanaa, tupeane uzoefu

Koti Jeupe
Leo napanga vitu vya ndani nikakutana na koti langu la maabara la enzi za chuo, mkono wa kulia bado una yale madoa meusi ya silva naitreti, unafua mpaka vidole vinachubuka hayatoki. Nimekaa nalo chini nikakumbuka mengi sana. Nilimaliza BSc ya kemia 2015, nikafanya kazi miaka mitatu kwenye maabara ya kupima maji na madini, nikaacha nikaenda masta ya akiolojia. Kilichonipeleka ni mavi ya chuma, yale mabaki magumu yanayotoka chuma kikiyeyushwa. Kuna siku tuliletewa kipande kutoka Buhaya kule Kagera, nikapima, nikaandika chuma kiasi hiki kalsiamu kiasi hiki, mteja akashukuru akaondoka. Mimi ndo sikulala. Kule watu waliyeyusha chuma miaka 2,000 iliyopita, sasa nani alikuwa anavukuta mivuo, mkaa walichoma wa mti gani, fundi alimrithisha nani? Mashine yangu haikuwa na jibu hata moja. Mliovuka kama mimi njooni, hasa mtueleze ule mwaka wa kwanza.

HKL damu
Karibuni sana. Ila sekondari sisi wa HKL (historia, Kiswahili, Kiingereza) mlitusema sana nyie watu wa PCM (fizikia, kemia, hesabu), mseme na hilo.

Ngosha wa Magu
Mkuu umenigusa pabaya. Mimi BSc fizikia, nikaenda masta ya isimu kwa sababu nilishaona sauti ni mawimbi, nikajua nitateleza tu. Nikachukua toni za Kisukuma, yaani sauti inavyopanda na kushuka kwenye neno, na hiyo ni mada tamu jamani, toni ya juu inaanzia silabi hii unaenda kuisikia mbele huko, tofauti na Kiswahili chetu ambacho hakina toni kina mkazo tu silabi ya pili toka mwisho. Nikaenda kijijini kumrekodi bibi yangu mzaa baba, dakika arobaini, mimi mwenyewe nimekulia Dar Kisukuma chenyewe ni salamu tu. Nikarudi nikaingiza kwenye Praat, ile programu ya kompyuta ya kuchambua sauti, grafu safi, hezi zimepangwa kwenye jedwali, siku ya semina nikasimama na kifua mbele. Nikamaliza. Mwalimu mama mmoja mtu mzima akauliza kwa upole kabisa, "Huyu bibi alikuwa anasema nini?" Nikamwonyesha grafu tena. Akasema hapana mwanangu, anasema nini. Sikujua. Kulikuwa na mwanafunzi wa Shinyanga pale ndani akaomba isikilizwe upya, akaanza kutafsiri kidogo kidogo, bibi alikuwa anasimulia habari za mtoto wake wa kwanza aliyefariki na surua, na ile sehemu niliyoisifia kwamba toni inashuka vizuri ndo pale anataja jina la mtoto. Ukumbi ukanyamaza. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka giza likaingia. Nilitaka kuacha chuo siku ile. Badala yake nilirudi Magu nikakaa miezi miwili nikajifunza lugha ya bibi yangu, na jedwali zima nikalifanya upya.

Mama Careen
Hapo kwa bibi nimelia kweli 😭

Mtumishi wa Kata
Mtaniwia radhi ila lazima niseme. Shule ninayofundisha mwalimu wa fizikia ni mmoja, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Watoto wanaingia mtihani hawajawahi kushika hata ameta. Halafu mtu kasomeshwa fizikia kwa mkopo anaenda kusikiliza toni. Inauma.

Ngosha wa Magu
Kaka nakuelewa na uchungu wako ni wa kweli. Mkopo nakatwa 15% ya mshahara kila mwezi kama wewe. Na fizikia mpaka leo nafundisha, masta nilisoma jioni baada ya kazi. Usinihukumu hujaniuliza.

Mtumishi wa Kata
Kama unafundisha basi nimekosea, nisamehe. Wengine lakini wanakimbia hesabu.

Koti Jeupe
Hakuna aliyekimbia hesabu hapa. Tarehe za kaboni 14, zile za kujua mkaa au mfupa uliochimbwa una miaka mingapi, unazikokotoa kwa hesabu ileile. Tofauti ni kwamba ukishapata tarehe ndo kazi inaanza.

Mshona Hoja
Kwa wanaotaka kuhama, shida sio akili, ni kuandika. Sisi tumezoea ripoti: lengo, vifaa, hatua, matokeo. Kule insha ya kurasa ishirini unatakiwa ubishane na mtu na umheshimu humohumo. Nenda maktaba ukasome tasnifu tatu za waliokutangulia, soma sura ya pili tu, ile wanayojadili maandishi ya wengine. Na nyumbani usiseme kitu mpaka udahiliwe.

Mama Careen
Wee, semeni nyumbani mapema! Usifiche mzazi.

Binti wa Muheza
Nimewasoma tangu jana naogopa kuandika. Hilo la kuficha ndo mimi. BSc ya botania, baba aliuza ng'ombe wawili nimalize, msikitini anawaambia wenzake binti yangu ni mtaalamu wa dawa za miti. Nikapata masta ya historia nikamwambia tu naendelea na masomo. Miezi kumi na minne nimebeba hilo jambo. Shangazi anapiga simu mguu umevimba anywe nini, najibu nenda zahanati shangazi, nakata nalia. Utafiti wangu ukanipeleka Amani, kwenye milima ya Usambara, pale Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo 1902, na kwetu ni chini ya mlima huohuo. Nikawa nashika karatasi za mimea iliyokaushwa, kila moja ina jina la Kilatini, jina la mzungu aliyekusanya, tarehe, mwinuko. Aliyepanda juu ya mti kukata lile tawi hayupo popote. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari. Nikalala nyumbani, nikasahau daftari mezani, baba akalisoma. Asubuhi ananiuliza hii ni masomo gani Mwanahamisi, nikasema historia baba. Hakugombeza. Alichukua jembe akaondoka hajanywa hata chai, mama akaniambia umemuua baba yako. Ngojeni mtoto kaamka

HKL damu
Usituache hapo dada

Mama Careen
Rudi mamaangu, tupo

Shabaha
Wakati tunamsubiri, mwenye kujua kama ni lazima kusoma kwanza diploma ya uzamili?

Mshona Hoja
Vyuo vingine wanadai, vingine wanakupa kozi mbili za kufidia. Mimi nilisoma, ilinisaidia.

Koti Jeupe
Mimi sikusoma. Niliwaandikia barua ya kurasa mbili kueleza kwa nini nataka, wakaniita.

Binti wa Muheza
Nimerudi. Baba alikuja alasiri, kaongozana na mzee mmoja wa kijiji cha juu, kamshika mkono maana haoni vizuri. Wakakaa barazani. Baba akasema, "Muulize huyu, baba yake ndo alikuwa anawapandia Waingereza miti. Na jina lake uliandike." Nilirekodi masaa matatu, mzee anataja miti kwa Kisambaa mmoja mmoja, ipi ina utelezi, ipi ina siafu.

Ngosha wa Magu
Mungu amweke mzee wako. Kwa hiyo alikubali?

Binti wa Muheza
Hajawahi kusema amekubali. Mpaka leo akiulizwa anasema binti anasomea miti.

Koti Jeupe
Na lile jina?

Binti wa Muheza
Liko mwanzo wa sura ya tatu, jina lake na la baba yake.

Shabaha
Dada naomba nije inbox, nina BSc baiolojia na bibi yangu yupo Lushoto, ana miaka 91.