Tupeane uzoefu: mtoto akitengeneza kitu kwa mikono yake, wewe mzazi unafanya nini?

Mama Pacha
Wapendwa, binti yangu wa miaka 8 aliambiwa shuleni atengeneze mfano wa mapafu. Akakata chupa ya plastiki, akapitisha mrija wenye puto ndani, kisha chini akafunika kwa kipande cha puto lingine. Ukivuta kile cha chini, la ndani linajaa hewa. Ulifanya kazi! Ila gundi ilitapakaa na maandishi yalipinda. Alipolala nikatengeneza upya: chupa mpya, karatasi inayong'aa, maandishi ya kompyuta. Asubuhi akautazama, akaniuliza, "Mama, wangu uko wapi?" Tangu hapo sina raha. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu wa Sayansi
Pole sana, Mama Pacha. Nimekaa meza ya majaji wa mashindano ya sayansi ya shule miaka mingi, na kazi zinazopendeza macho ndizo zilikuwa zinashinda. Siku moja nikamuuliza mtoto, "Waya huu unaenda wapi?" Akamgeukia baba yake. Iliniuma. Sasa kwangu kazi inatengenezwa darasani, na nusu ya alama ni maelezo ya mtoto mwenyewe, pamoja na kilichomshinda mara ya kwanza.

Zawadi nazo nimezipunguza. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha utafiti kuhusu watoto wadogo waliopenda kuchora. Walioahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu walikuja kuchora kwa takriban nusu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa, pale cheti kilipokuwa hakipo tena.

Baba wa Watatu
Kijana wangu wa miaka 11 alitaka kuunda mota: betri, sumaku, klipu mbili za karatasi na koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa duara. Siku tatu koili inatikisika tu, haizunguki. Nilitamani sana kumnunulia seti iliyokamilika tuyamalize. Nikajizuia, nikamuuliza tu, "Umeme unaingilia wapi?"

Akakagua, akagundua waya umepakwa vanishi inayozuia umeme. Akakwangua ncha zote mbili, bado ikatikisika. Akasuka koili nyingine, na safari hii kwa haraka zake ncha moja akaikwangua upande mmoja tu. Ikazunguka! Alipiga kelele nyumba nzima ikaamka. Halafu hakulala, anataka kujua kwa nini kosa ndilo limefaulu. Tukachora pamoja mpaka tukaelewa: vanishi iliyobaki upande mmoja inakata umeme kila nusu mzunguko, na usipokatika, sumaku inaisukuma koili mbele kisha inairudisha nyuma. Seti ya dukani ingekuja na ncha zimeshakwanguliwa, na swali hilo asingeliuliza kamwe.

Shangazi Yao
Mimi naona unadhifu nao ni somo, jamani. Maisha yatamdai aandike vizuri.

Baba wa Watatu
Kweli, Shangazi. Kwangu nasubiri kwanza kitu kifanye kazi, ndipo namuuliza, "Mgeni akija ataelewa?" Akitaka kunyoosha, ananyoosha mwenyewe.

Mlezi wa Wajukuu
Wanangu, mimi nina boksi la makorokoro: vifuniko, kamba, katoni. Betri za saa siziweki humo maana mdogo anaweza kumeza. Na situpi kazi ya mtoto bila kumuuliza. Mara nyingi anakubali, lakini kwanza anang'oa vipande anavyotaka kutumia tena. Nikiletewa kitu sisemi "kizuri", nasema "nionyeshe kinavyofanya". Hapo utakaa, maana maelezo ni marefu!

Mama Pacha
Asanteni, nimewasoma wote. Nimeitoa chupa yake kwenye pipa nikamwomba radhi. Puto la chini lilikuwa limechanika. Kaniambia, "Hata hivyo lilikuwa linavuja hewa pembeni, mama. Nataka nijaribu glovu." Tuko sakafuni sasa hivi, mimi nimeshika chupa, yeye anafunga.