Boneti imepauka, mashine ya polishi nayo imegoma. Naombeni ushauri

Mbezi_Kwetu: Habari za jioni wakuu. Nina Toyota IST nyeusi, inalala nje juani. Boneti na paa vimepauka, ukipitisha kiganja ni kama unapapasa ukuta wa chokaa. Nikanunua mashine ya polishi ya mtumba, nikaanza na mlango wa nyuma. Haikumaliza nusu saa ikatoa cheche kwenye matundu ya pembeni, ikazima. Sasa nikibonyeza swichi kimya. Nikiigonga inashtuka kidogo kisha inakata. Fundi mmoja kaniambia mota imeungua, niitupe. Hela ya nyingine sina. Jirani anasema nifunge sponji kwenye grenda yake nimalizie. Nifanyeje?

Rangi_Mbili: Mkuu, grenda usithubutu! Grenda ndogo inazunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika, polishi inataka kama 1,000 hadi 2,000. Ukigusa ukingo wa boneti, kufumba na kufumbua umefika kwenye praima, ile rangi ya msingi ya chini. Kliya, ile rangi angavu ya juu kabisa, ni nyembamba sana, na ikishaliwa hairudi.

Kwanza tia kompaundi (dawa ya kusugulia rangi) kwenye kitambaa cheupe, sugua kwa mkono pale palipopauka. Kikitoka cheusi, rangi yako haina kliya juu yake, na hiyo hurudi vizuri kwa polishi. Ila ukiona mabaka meupe yanabanduka kama ngozi iliyoungua jua, kliya imekufa. Hapo ni kupuliza rangi upya, usipoteze hela ya kompaundi.

DadaUmeme: Kaka yangu, mashine usiitupe. Hiyo ya kugonga ikashtuka mara nyingi ni kaboni zimeisha, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka. Chomoa waya ukutani kwanza, tafadhali. Kwenye mashine nyingi kuna vifuniko viwili vya plastiki, kimoja kila upande wa mota. Fungua kwa bisibisi bapa, kaboni itasukumwa nje na springi. Ikibaki chini ya milimita 5, badilisha zote mbili hata kama nyingine inaonekana nzima. Nenda dukani na ya zamani mkononi, maana saizi zinatofautiana. Ukishafunga, iache izunguke bure dakika kama 10 kaboni zikae. Cheche zikiendelea kuzunguka mduara mzima wa shaba, basi amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, ndiyo mbovu, na fundi wako atakuwa amesema kweli.

Kigambo99: Osha gari vizuri kabla. Punje moja ya mchanga chini ya sponji inachora boneti nzima. Na usipolishi bati likiwa la moto.

Mbezi_Kwetu: Mrejesho wakuu. Kaboni moja ilibaki kama punje ya mchele, nyingine springi imekatika. Nimeweka mpya, mashine inavuma vizuri. Kitambaa kimetoka cheusi tii. Jana jioni nimebandika tepu kingo zote, nikajaribu kipande cha boneti cha ukubwa wa gazeti: naona matawi ya mwembe humo ndani. Dada, Mungu akubariki. Jumamosi naingia kwenye paa.