Runinga janja ya bei nafuu: saundiba, spika ya Bluetooth au amplifaya ya zamani?

Mwanzisha mada: Ndugu wanajukwaa, nina runinga janja ya inchi 43 ambayo picha yake inaniridhisha, lakini sauti yake ni nyembamba kiasi kwamba mama yangu huifikisha 60 ndipo asikie taarifa ya habari, na tangazo likiingia nyumba nzima inashtuka. Nichague saundiba (kasha refu lenye spika, la kuweka mbele ya runinga), spika ya Bluetooth niliyo nayo, au amplifaya ya zamani yenye spika mbili za mbao? Ninachohitaji zaidi ni maneno kusikika.

Mchangiaji wa kwanza: Kabla hujanunua chochote, inama utazame chini ya runinga. Spika za runinga nyembamba aghalabu huelekea chini au nyuma, hivyo sauti hugonga meza au ukuta kwanza ndipo imfikie msikilizaji. Isogeze mpaka kwenye ukingo wa mbele wa meza, kisha kwenye mipangilio ya sauti uzime mzunguko wa bandia (surround, inayojifanya sauti inatoka pande zote) na uchague hali ya mazungumzo. Besi haitaongezeka, kwa kuwa spika ndogo kiasi hicho haina uwezo wa kuitoa, lakini maneno yatajitokeza.

Mchangiaji wa pili: Spika ya Bluetooth ningeiachia muziki. Sauti huchelewa, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 200 au zaidi, na mtangazaji anayefumba mdomo kabla ya neno kuisha huchosha sana kumtazama. Baadhi ya runinga zina kirekebishi cha kuchelewa huko, ila si zote. Kwa ajili ya mama, mimi ningenunua saundiba ya kuunganishwa kwa HDMI kwenye tundu lililoandikwa ARC, yaani lile linaloweza kutoa sauti ya runinga kwenda nje, kwa sababu rimoti ya runinga huweza kuongoza sauti yake pia.

Mchangiaji wa tatu: Ninakubaliana kuhusu Bluetooth, ila amplifaya isidharauliwe. Spika mbili za mbao, zikiwa bado nzima na zikitenganishwa pande mbili za runinga, kwa kawaida huishinda saundiba ya bei ya chini, ambayo mara nyingi ni spika ndogo zilizopangwa kwenye kasha refu. Tumia waya kutoka tundu la hedifoni hadi matundu mekundu na meupe ya amplifaya. Ikiwa runinga ina tundu la mwanga (optical) peke yake, utahitaji kigeuzi cha kubadili sauti ya kidijitali iwe ya analogi, na hapo uchague PCM (sauti ya kidijitali isiyobanwa) kwenye mipangilio, la sivyo waweza kupata ukimya mtupu.

Mwanzisha mada: Nimeisogeza runinga na kuchagua hali ya mazungumzo, mama sasa anasikia sauti ikiwa kwenye 35. Amplifaya nimeiunganisha kupitia tundu la hedifoni, na rimoti ya runinga bado inapunguza na kuongeza sauti kama kawaida, jambo lililokuwa likinitia wasiwasi. Spika ya kushoto inakwaruza, kwa hiyo kesho nitaifungua nitazame nyaya zake kabla ya kufikiria saundiba.