Podikasti ya uhakiki wa muziki imegeuka chawa wa mastaa, na sasa inafuta vipindi vyake vya zamani

Wakuu, uzi huu ni mrefu na una povu. Asiyependa povu apite kimyakimya, tusigombane.

Kuna podikasti moja ya muziki wa pop ambayo nimeifuata tangu kipindi cha tatu. Jina silitaji, wanaoisikiliza wataijua kabla hawajafika katikati ya uzi. Watangazaji ni wawili. Mmoja ana sauti nzito, hacheki ovyo. Mwenzake anaongea kama mtu anayefukuzwa. Kila wiki walikuwa wanachukua albamu moja na kuichambua saa nzima, wenyewe wawili, bila mgeni. Mimi si mwanamuziki, hata gitaa sijui linashikwa upande gani, lakini hao jamaa ndio walionizibua masikio. Kabla yao, wimbo kwangu ulikuwa ni mwimbaji na kelele nyuma yake. Kwa sababu yao nikaanza kuisikia besi. Nikaanza kusikia pale ngoma zinaponyamaza nusu sekunde ili kiitikio kikirudi kikupige kifuani, na kugundua kwamba lile kundi la waitikiaji mara nyingi ni mwimbaji yuleyule amejirekodi tena na tena. Wakisema wimbo ni mbovu, wanakata kipande, wanakicheza, wanakuonyesha ubovu ulipo. Unaweza kuwakatalia, ila unawakatalia ukiwa na sababu.

Kipindi nilichokipenda kuliko vyote hakikumsifu wala kumponda staa yeyote. Kilihusu kwa nini albamu za siku hizi zina nyimbo nyingi fupifupi. Walieleza kwamba Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30, kwa hiyo ukiweka utangulizi wa dakika nzima na mtu akauruka, umekula hasara. Wakaeleza kwamba Desemba 2014, Billboard, jarida la Marekani linalopanga chati za muziki, ilipoanza kuingiza usikilizaji wa mtandaoni kwenye chati yake ya albamu, nyimbo za albamu zikisikilizwa mara 1,500 zilihesabiwa sawa na kuuzwa kwa albamu moja. Sasa piga hesabu mwenyewe. Shabiki akiicheza albamu yako mwanzo hadi mwisho, ikiwa na nyimbo 10 unapata 10, ikiwa na nyimbo 22 unapata 22, na shabiki ni yuleyule mmoja. Tangu siku hiyo nikiona albamu ina nyimbo 22 naanza kutafuta zile za kujazia kapu. Mpaka leo sijapata kipindi kingine cha muziki kilichonifanya nitazame orodha ya nyimbo kwa jicho hilo.

Kisha wakaanza kupata wageni.

Mwanzoni sikulalamika. Mgeni wa kwanza alikuwa prodyuza, akakaa saa mbili anaeleza alivyohangaika kuipata sauti ya ngoma moja tu. Raha tupu. Shida ilianza walipokuja mastaa wenyewe, maana staa haji peke yake. Anakuja na meneja, na mtu wa mawasiliano wa lebo, yaani kampuni inayotoa muziki wake, aliyekaa pembeni anaangalia saa, na orodha ya mambo yasiyoulizwa. Yuko kwenye mzunguko wa kuinadi albamu, anajibu maswali yaleyale kutwa nzima, na kila anayemhoji anajua kwamba akikwaruza kidogo, safari ijayo haitwi. Biashara hiyo haikuanza jana. Ila hawa wetu jina walilipata kwa kutokuwemo humo.

Sasa nije kwenye kilichonitoa povu.

Mwaka jana walichambua albamu ya msanii mmoja mkubwa. Naye simtaji, sitaki mashabiki wake waje kuufunga uzi. Walimchana kwa haki. Dakika ya 12 yule wa sauti nzito alichukua viitikio vya nyimbo tano akavicheza mfululizo, na hukuweza kujua wimbo upi umeishia wapi. Kasi ileile, mdundo uleule, hata pumzi mwimbaji anaivuta mahali palepale. Dakika ya 31 mwenzake akasoma beti za wimbo wa nne taratibu, bila muziki, na safari hiyo hakukimbia. Mimi msikilizaji ndiye niliyeona aibu. Mwishoni wakasifu nyimbo mbili, nazo wakaeleza kwa nini. Kipindi kizuri mno. Nilikipakua nikakihifadhi kwenye simu, na namshukuru Mungu nilifanya hivyo.

Wiki tatu zilizopita msanii huyohuyo akaja kwao kama mgeni. Nikavaa hedifoni, nikasema leo ndio leo. Wala sikutaka ugomvi. Nilitaka wamuulize kistaarabu tu: tulisema viitikio vyako vinafanana, wewe unasemaje? Huenda alikuwa na jibu zuri. Huenda alikusudia, alitaka albamu nzima iende kama wimbo mmoja mrefu usiokatika. Angesema hivyo ningerudi kuisikiliza upya, na huenda ningebadili mawazo.

Maneno ya kwanza kutoka kinywani mwa yule wa sauti nzito: "Albamu ambayo kwa kweli haikutoka masikioni mwetu mwaka mzima."

Mwaka mzima! Nilirudisha nyuma nikidhani nimesikia vibaya. Kuanzia hapo ni dakika 54 za kumvika mtu kilemba cha ukoka. Walimuuliza anaamkaje asubuhi. Walimuuliza anajisikiaje kupendwa na watu wengi kiasi hicho. Walimuuliza habari za mbwa wake, na mbwa akapewa dakika nne, nimepima. Muziki wenyewe uliambulia swali moja: "Ulikuwa wapi kiroho ulipoandika nyimbo hizi?" Akajibu kwamba alikuwa safarini. Wakacheka wote watatu. Sijui walicheka nini.

Ingeishia hapo ningewaita chawa nikaendelea na shughuli zangu. Lakini nilitaka kulinganisha, nikaenda kwenye orodha ya vipindi vyao kukitafuta kile cha uchambuzi. Hakipo. Kutoka kipindi cha 87 unaingia cha 89. Hakuna maelezo, hakuna "tumekiondoa kwa sababu hii na hii". Kimeyeyuka. Kama sikuwa nacho kwenye simu ningeanza kudhani nilikiota.

Kubadili mawazo si kosa. Oktoba 2021 Pitchfork, tovuti ya Marekani ya kuhakiki muziki, walirudi kwenye alama walizowahi kutoa wakazibadilisha kwa albamu 19, nyingine wakazipandisha, nyingine wakazishusha. Watu waliwacheka, mimi nikiwemo, maana zile alama zao za nukta nukta siku zote nimeziona kichekesho. Muziki haupimwi kama homa. Lakini walifanya mchana kweupe: zamani tulisema hivi, leo tunaona hivi. Msomaji akabaki na yote mawili akaamua mwenyewe. Hawa wetu wangeweza kusema mbele ya mgeni wao, "Tulikuchana, tukarudi kuisikiliza, tukagundua tulikosea." Ningewavulia kofia.

Najua utetezi unaokuja, ngoja niuwahi. Mtasema siku hizi kuhakiki ni hatari. Ni kweli. Mwaka 2019 mwimbaji wa Marekani Lizzo aliandika mtandaoni kwamba wanaohakiki albamu bila wao wenyewe kutengeneza muziki wanastahili kukosa kazi. Aprili 2024 jarida la muziki na utamaduni la Paste lilichapisha uhakiki wa albamu ya Taylor Swift bila jina la mwandishi, likieleza kwamba mwandishi aliyehakiki albamu yake nyingine mwaka 2019 alitishiwa kudhuriwa. Januari ya mwaka huohuo 2024 Condé Nast, kampuni inayoimiliki Pitchfork, ilitangaza kuiingiza ndani ya GQ, jarida lake la wanaume, na watu wakapoteza kazi. Kwa hiyo sisemi kazi ni nyepesi, na mwoga namwelewa. Lakini tazameni tofauti. Paste walificha jina wakauacha uhakiki hewani. Hawa wameficha uhakiki wakayaacha majina yao na picha zao wakiwa wamekumbatiana na mgeni.

Na msiniambie kwamba staa ukimhoji vizuri atakasirika aondoke. Mtazameni Nardwuar, yule Mkanada wa Vancouver mwenye kofia ya mirabaraba. Kwa miaka mingi amehoji watu wakubwa kuliko huyu, na hategemei maswali ya kashfa. Anamkabidhi msanii santuri ya zamani, au anamtajia mtu wa ujanani mwake ambaye msanii alidhani hakuna anayemjua, na staa anabaki mdomo wazi akiuliza umejuaje. Huyo amechimba kabla hajashika kipaza sauti. Hawa wetu hawakuhitaji hata kuchimba, walikuwa na saa nzima ya uchambuzi wao wenyewe. Swali lilikuwa limeshaiva, wakalizika.

Matangazo ya wadhamini siyagusi. Yamekuwa mengi, sawa, nao wana matumbo.

Ila mchango wangu ndio unaoniuma. Mimi ni mchangiaji wa kila mwezi. Tuliombwa kuchangia kwa maneno yao wenyewe: "ili tusimtegemee mtu yeyote wa lebo." Kipindi cha 88 kilifanywa kwa pesa zetu, halafu kikatolewa kafara ili mtu wa lebo apate usingizi.

Niliwaandikia barua pepe, kwa heshima kabisa, bila tusi. Baada ya siku sita nikajibiwa mistari miwili: "Tunaendelea kuboresha maktaba yetu ili iendane na mwelekeo mpya wa kipindi. Asante kwa kuwa sehemu ya familia." Familia! Familia gani inachoma picha za zamani mgeni akija?

Nimesitisha mchango. Sitaki waniombe radhi, wala sitaki wamfukuze mgeni yeyote. Wakitaka kupiga stori za mbwa na mastaa, wafungue podikasti nyingine waipe jina lake, huenda hata mimi nitaisikiliza nikiwa napiga pasi. Hii waiache ibaki ya kuchambua, na kipindi cha 88 kirudi mahali pake.

NYONGEZA: Mkuu mmoja hapo chini ananiuliza kama nina chuki binafsi na msanii. Sina, mkuu. Zile nyimbo mbili walizozisifu bado nazisikiliza, moja nimeicheza asubuhi hii. Na ningezijulia wapi, kama si kile kipindi walichokifuta? Ule wa pili uko namba 17 kwenye albamu, peke yangu nisingefika huko.

Mwingine anasema "si burudani tu, kwani kuna aliyekufa". Hakuna aliyekufa. Kuna mtu amenidanganya nikiwa nimemlipa.

NYONGEZA YA PILI: Mnaoniandikia pembeni mkiomba faili, sitalituma. Ni kazi yao na haki ni zao, hata wakiionea aibu. Lakini kuna mdau amenishauri nikague namba zote tangu mwanzo, nimekaa jioni nzima nikakagua. Wakuu, si 88 peke yake. 61 haipo. 73 haipo. Ya 61 naikumbuka vizuri, ilimhusu msanii aliyekuja kuhojiwa mwezi wa pili, na siku hiyo pia walicheka sana. Ya 73 nimejaribu kuikumbuka nimeshindwa, na kwenye simu sina. Mwenye kumbukumbu ya kipindi cha 73 kilimchambua nani, aseme hapa.