Naomba ushauri: wateja wanakataa mkoba wa Coach ulioandikwa Vietnam

Habari za kazi, wakuu. Nauza mikoba ya mtumba, ile ya grade one. Mteja anaushika mkoba wa Coach, anaupenda, akisoma kile kipande cha ngozi ndani na kukuta umetengenezwa Vietnam, anaurudisha mezani: "Dada, Coach ni ya Marekani, hii feki." Inaniuma, maana kampuni hiyo kwa miaka mingi imeshonesha mikoba yake mingi Vietnam, Kambodia na Ufilipino. Burberry, kampuni ya mitindo ya Uingereza, nayo ilifunga kiwanda chake cha Treorchy, Wales, mwaka 2007, kazi ikahamia kwenye nchi za gharama nafuu.

Na lebo ya Italia nayo haimalizi maswali. Nyaraka za mahakama ya Milan za mwaka 2024 zilionyesha karakana ikilipwa euro 53, bila gharama ya ngozi, kwa mkoba wa Dior unaouzwa dukani euro 2,600.

Wenzangu, mnawaelezaje wateja hadi wakaelewa? Kuthibitisha mnaanzia wapi: mshono, zipu au namba ya ndani? Na huu wa Vietnam niuuze bei moja na ile ya zamani iliyoshonwa New York?