Shafti ya jengo la ghorofa tisa Dar: kebo za shaba, za alumini au basba?

Nyaya_za_Kurasini:

Wakuu, habari za kazi. Nina jengo la biashara hapa Dar, ghorofa tisa tukihesabu na ya chini. Chini ni maduka, juu ofisi za kupangisha. Transfoma ni 1000 kVA, 11 kV kwenda 400 V, na kutoka hapo hadi bodi kuu ni mita 12. Kutoka bodi kuu shafti inapanda hadi juu. Bodi za ghorofani ziko nane, kila moja na breka kuu ya 160 A. Paani kuna mtambo wa viyoyozi unaokula 400 A, na njia yake ni mita 75.

Mwenye jengo anataka nimlinganishie njia tatu: (1) kebo za shaba zenye deraya (koti la waya za chuma la kuikinga kebo), moja kwa kila ghorofa, (2) kebo za alumini, kwa sababu kasikia ni nafuu, (3) basba, yaani mapau ya kupitishia umeme ndani ya boksi refu la chuma, moja inayopanda shafti nzima, kila ghorofa inachota kwa boksi lake.

Mimi nimeegemea ya kwanza. Kwa ghorofa nimepiga hesabu ya 4×70 mm² (kondakta nne) yenye ganda la XLPE, plastiki inayohimili joto. Jedwali la BS 7671, kanuni za Uingereza za kufunga umeme, linaipa 251 A ikiwa juu ya trei. Nimeizidisha kwa 0.91 ya joto la nyuzi 40, na 0.72 ya kebo nane kulala pamoja. Nimepata 164 A, kwa hiyo 160 inapita. Naomba mnikosoe kabla sijapeleka.

Mhandisi_wa_Pugu_Road:

Mkuu, hesabu yako iko sawa kwenye karatasi ila ina shimo. Ile 251 A ni ya kondakta likiwa limefika nyuzi 90. XLPE yenyewe inahimili 90 bila tatizo. Je, breka uliyoifunga mwishoni? Angalia maelezo ya mtengenezaji: breka nyingi na bodi nyingi terminali zake zimepimwa kwa kebo isiyozidi nyuzi 70. Wewe unataka kuileta kebo ya nyuzi 90 ikae na kitu cha nyuzi 70 miaka ishirini. Kebo haitaungua, breka ndiyo itaanza kukatika yenyewe saa nane mchana, na mpangaji atakupigia simu wewe.

Rudia hesabu kwa jedwali la nyuzi 70. Utaona 70 mm² haifiki, na hata 95 ikilala kwa kugusana inabana. Lakini kabla hujakimbilia 120, achia kebo nafasi. Ukiweka pengo la upana wa kebo moja kati ya kebo na kebo kwenye trei ya wima, ile 0.72 inakuwa karibu 0.87, na 95 mm² inapita kwa raha. Trei pana ni rahisi kuliko shaba. Hilo watu wengi hawalifikirii, wanapandisha saizi ya kebo wakati shafti ina nafasi tele.

Fundi_Mkongwe_Tanga:

Naunga mkono hapo kwa mhandisi. Mimi naingilia kwenye zile mita 12 za transfoma, maana watu wote wanatazama shafti na hatari kubwa iko pale.

1000 kVA kwa 400 V ni 1443 A. Hapo huwezi kutumia kebo moja, utaweka kebo za kondakta mojamoja, tuseme tatu za 300 mm² kwa kila fezi. Sasa sikiliza kilichonikuta. Miaka ya nyuma nilikuwa msaidizi kwenye saiti moja, tukapanga kebo kwa uzuri wa macho: nyekundu zote tatu pamoja, njano zote pamoja, bluu zote pamoja. Mzigo ulipopanda nikaweka klampu mita. Kebo moja ya fezi nyekundu inabeba 600 na kitu, mwenzake wa fezi ileile anabeba chini ya 300. Urefu sawa, saizi sawa. Kosa lilikuwa mpangilio tu.

Kebo zikiwa sambamba, kila kundi liwe na nyekundu, njano na bluu zimekumbatiana pembe tatu kama mafiga, na nyutro yake pembeni. Makundi matatu, mafiga matatu. Urefu uwe uleule kabisa, hata kama moja itabidi uizungushe kidogo ilingane na wenzake.

Na bamba la glandi (glandi ni kishikio cha kebo inapoingia kwenye bodi) lisiwe la chuma! Kebo za kondakta mojamoja zikipita kila moja kwenye tundu lake ndani ya bamba la chuma, lile bamba linapata moto lenyewe. Tulilikuta rangi imetoka malengelenge, ukigusa unarudisha mkono. Tumia bamba la alumini au shaba nyeupe (brasi). Na kama kebo hizo zina deraya, iwe deraya ya waya za alumini. Deraya ya chuma ni ya kebo yenye fezi zote ndani.

Nyaya_za_Kurasini:

Mzee wangu, shikamoo na asante. Bamba la bodi niliyoletewa ni la chuma. Nawapigia watengeneza bodi leo hii.

Saiti_Mombasa:

Marahaba kwa niaba ya mzee 🙂 Nami niwape upande wa basba, kwa sababu naona imesahaulika.

Ndugu yangu, jengo la kupangisha hubadilika kila mwaka. Leo ghorofa ya tano ni mawakili, kesho ni hospitali ndogo yenye mashine ya kupiga picha, anataka 250 A. Ukiwa na kebo ya 95 uliyomvutia, huna la kufanya ila kuvuta nyingine kutoka chini. Ukiwa na basba, unabadilisha boksi la kuchotea na breka yake, basi. Tena bodi yako kuu inakuwa fupi: badala ya breka nane za kwenda juu una moja kubwa. Shafti inakaa safi, na zile fremu za kukata moto kwenye kila sakafu huja zimeshatengenezwa kiwandani.

Ubaya wake naujua pia. Kila kipande cha mita tatu kina kiungo, na kila kiungo kina bolti ya kukazwa kwa toki yake, yaani nguvu iliyopimwa. Fundi akiruka kimoja, hicho ndicho kitakachoungua.

Dada_wa_Mega:

Habari zenu. Kazi yangu ni kupima na kukabidhi, sivuti kebo. Kwa hiyo nawaambia ninachokikuta mwishoni.

Kaka wa Mombasa kasema kweli kuhusu basba, lakini hajasema maji. Basba ikifungwa jengo halijafunikwa, mvua ya masika ikateremka kwenye shafti, umekwisha. Niliwahi kuitwa kwenye jengo ambalo basba ilisoma giga ilipofika (ni ukinzani wa ganda linalozuia umeme kuvuja: gigaomu ni nzuri, megaomu chache ni mbaya), na baada ya wiki mbili za mvua ikasoma chini ya nusu mega. Tulifungua kiungo kimoja baada ya kingine kutafuta kipande kilichokunywa maji. Siku sita. Vingine tulivikausha kwa hewa ya moto, viwili havikupona. Kebo ingelowa nje na kukauka.

Kaka Nyaya, paa lako limefungwa? Na shafti imenyooka?

Nyaya_za_Kurasini:

Paa bado wiki kama tano hivi. Na shafti haijanyooka, dada. Ghorofa ya tatu mwenye jengo alisogeza ukuta, shafti imehama sentimita 60 hivi.

Dada_wa_Mega:

Basi hapo basba inahitaji viwiko viwili vya kutengenezwa kwa kipimo, na ukikosea kipimo kwa sentimita mbili unaagiza upya. Kwa jengo lako mimi ningekaa na kebo.

Mhandisi_wa_Pugu_Road:

Tuje kwenye alumini, maana mwenye jengo ataiuliza tu.

Alumini inapitisha umeme kama asilimia 61 ya shaba. Kwa hiyo palipo na shaba 150 unaweka alumini 240. Hata ikinenepa hivyo, kondakta lake lina uzito kama nusu ya lile la shaba, na wezi hawaitazami mara mbili. Hizo ni faida za kweli, sizidharau. Kwa njia ndefu ya nje, kutoka transfoma ya mbali hadi jengo, mimi mwenyewe naiweka.

Lakini ndani ya jengo kila kebo ina ncha mbili, na alumini inaugulia kwenye ncha. Ukiichuna tu, juu yake linajitengeneza tando la oksaidi lisilopitisha umeme. Ukiikaza na shaba bila lagi (kichwa cha kubana kwenye ncha ya kebo) ya metali mbili, kwenye unyevu wa Pwani inaliwa. Na inalegea taratibu chini ya bolti. Hapo una ghorofa nane, fezi tatu na nyutro, ncha mbili: ni ncha 64. Je, una fundi ambaye ncha zote 64 atazisugua, atazipaka grisi yake, atabana kwa mashine ya haidroliki yenye taya sahihi, bila kuchoka kwenye ya hamsini?

Tena kuna mambo ya shoti. Transfoma yako ikiwa na impidansi ya asilimia 5, shoti kwenye terminali zake ni karibu 29 kA. Chukua 25 kA pale kwenye bodi. Shaba ya XLPE ya 240 mm² inavumilia hiyo kwa sekunde 1.9 hivi kabla haijafika nyuzi 250. Alumini ya 240 hiyohiyo ni sekunde 0.8. Breka nzuri inakata mapema zaidi, ila kama umeichelewesha kwa makusudi ili breka ndogo inayofuata itangulie, piga hiyo hesabu kwanza.

Kwa mtambo wa paani weka shaba 4×240, ila hapo breka yake iwe na terminali zinazokubali kebo ya nyuzi 90, maana kwa nyuzi 70 haifiki 400 A. Kwa 400 A na mita 75 inapoteza volti 6.3, yaani asilimia 1.6. Inatosha, na inabaki nafasi kwa nyaya za baada ya bodi.

Kijana_wa_VETA:

Samahani wakubwa, naomba kuuliza. Hiyo 4×240 inavutwaje mpaka paani? Sisi darasani, chuo cha ufundi, tumevuta 16 mm² tu.

Fundi_Mkongwe_Tanga:

Swali zuri mwanangu. Hiyo kebo ina zaidi ya kilo kumi kwa mita. Mita 75 ni karibu tani nzima. Usiivute kutoka chini kwenda juu. Kama kreni bado ipo saitini, pandisha dramu lenyewe juu, liweke kwenye jeki zake, halafu teremsha kebo shaftini. Hapo kazi inakuwa ni breki: kamba ya kuishikilia, na mtu kila ghorofa mwenye redio, si kupiga kelele. Kila ghorofa inapopita unaifunga kwa klampu za muda.

Kwenye kile kihamo cha ghorofa ya tatu usiikunje kama waya wa taa. Nusu kipenyo ya mkunjo isipungue mara nane ya unene wa kebo. Kebo ya milimita 60 inataka karibu nusu mita. Pima kwa kipande cha mbao kabla kebo haijafika, maana sentimita 60 za kuhama zinakutosha kwa shida.

Na klampu za kudumu ziwe za kubeba uzito. Vile vikanda vya plastiki ni vya kupanga tu. Siku ya shoti kebo zinarushana kama nyoka.

Dada_wa_Mega:

Naongezea upande wangu, kisha nawaachia.

Piga mega (pima huo ukinzani wa ganda) mara tatu: kebo ikiwa bado kwenye dramu, ikishavutwa kabla ya glandi, na ikishafungwa glandi na lagi kabla ya kuingia kwenye breka. Ukipima mara moja tu mwishoni na usomaji ukawa mbaya, hujui aliyeiumiza ni kiwanda, mvutaji, au kisu cha aliyechuna.

Mimi natumia 1000 V za DC kwa dakika nzima, kondakta kwa kondakta, na kila kondakta kwa deraya. Kanuni inataka isipungue mega 1 kwa 500 V, na nimeshaona watu wanaandika 1.2 kwenye fomu wanasaini. Kebo mpya ya mita 75 inayosoma mega 1.2 ni kebo mgonjwa! Tegemea mamia ya mega, mara nyingi giga. Ukimaliza, itoe chaji kabla hujaigusa, kebo nene inashika umeme kama betri.

Ondoa kwanza vizuia mawimbi ya radi na mita za kielektroniki kwenye bodi, la sivyo utapima vifaa badala ya kebo, na huenda ukaviua.

Pima pia deraya kama njia ya ethi (waya wa ardhini), kutoka glandi hadi glandi. Glandi iliyokaa juu ya rangi haishiki. Chuna rangi, weka pete ya ethi na bolti yake.

Mwisho, mzunguko wa fezi kwenye mtambo wa paani. Kompresa nyingi zikizungushwa kinyume zinaharibika baada ya muda mfupi tu. Pima kabla ya kuwasha. Na pampu ya zimamoto isahau shafti hii kabisa, ipe kebo yake inayohimili moto na njia yake.

Kaza kwa spana ya toki, piga mstari wa rangi kwenye kila nati, na mwezi mmoja baada ya wapangaji kuingia rudi na kamera ya joto. Wewe ndiye mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, sahihi ni yako.

Nyaya_za_Kurasini:

Wakuu, mrejesho. Nimempelekea: shaba 95 kwa ghorofa zikiachiana nafasi, shaba 240 paani, mafiga matatu ya 300 kutoka transfoma. Kaka wa Mombasa, nimeacha pia nafasi ya trei kwa kebo mbili kubwa za baadaye, na breka mbili za akiba kwenye bodi kuu. Mwenye jengo amekubali. Alumini aliiachia alipoona zile ncha 64.

Jana dramu la 240 limefika. Nikakumbuka maneno ya dada, nikapiga mega likiwa bado kwenye lori. Kondakta tatu zimesoma giga, la nne, la kijivu, mega 9. Moyo ukanishuka.

Dada_wa_Mega:

Angalia ncha ya ndani ya dramu. Ina kofia?

Nyaya_za_Kurasini:

Haikuwa nayo, ilikuwa imefungwa mfuko wa nailoni na maji yamo ndani. Nimekata mita moja na nusu hadi nikaona shaba inang'aa, nikafuta, nikapiga tena: giga 4.6. Nimeifunga kofia ya kubana kwa moto. Niliagiza mita 80, inafika.