Mjadala: Kiwanja kikitiwa lami, ukanda wa nyasi ubaki?

Hoja: viwanja vidogo vya ndege huku kwetu magharibi na Nakuru vikiwekwa lami, je, uachwe ukanda wa nyasi kando kwa ndege zenye gurudumu la mkia (magurudumu makuu mawili mbele, dogo moja mkiani), kama ndege ndogo ya Super Cub?

Rubani, Kisumu: Uachwe. Mita 600 kwa 30 zatosha. Kwenye ndege hizi kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, kwa hiyo zinafanana na trela ya miwa inayorudishwa nyuma na trekta: ikianza kupinda, inazidi kupinda yenyewe. Mchana upepo wa ziwa ukishaanza, rubani akitua kwenye lami huku ndege inasukumwa ubavuni, mpira unang'ata na mkia unazunguka kuja mbele. Bawa linagonga chini, mguu wa gurudumu unavunjika. Kwenye nyasi mpira huteleza kidogo, ukapata nafasi ya kurekebisha.

Mkufunzi, Kitale: Kaka, nyasi zinaficha kosa tu. Kosa liko miguuni mwa rubani. Marekani, tangu 1991, rubani mpya wa ndege hizi hatakuwa kamanda mpaka mkufunzi atie sahihi kwamba anamudu upepo wa ubavuni, kutua kwa magurudumu mawili ya mbele, na kupaa tena kutua kukiharibika. Hakuna idadi ya saa iliyowekwa, kinachopimwa ni ustadi. Hilo ndilo la kudai kwanza. Bawa la upande wa upepo liinamishwe, pedali za miguu ziinyooshe pua, gurudumu la upande huo liguse kwanza. Kasi inavyopungua, stiki (mpini wa kuongozea ndege) izidi kuelekea upepo. Mkia ukishakaa chini, stiki ivutwe mpaka mwisho, macho yawe mwisho wa uwanja. Ndege ikidunda, usiikimbize kwa stiki: ongeza moto wa injini, paa tena. Wengi wanalegeza miguu baada ya kugusa, na ajali nyingi huanzia hapo, ndege ikiwa tayari chini.

Fundi, Nakuru: Mwalimu, miguu mizuri haitoshi kama mkia ni mbovu. Majani ya springi ya mkia yakilala, mhimili wa gurudumu la mkia huinama mbele kwa juu, na gurudumu linatetemeka vibaya sana kwenye lami. Kagua pia springi za kuelekeza, upepo wa matairi yote mawili uwe sawa, na breki zishike kwa nguvu moja. Breki ya upande mmoja ikishika zaidi, pedali hazitakuokoa.

Rubani, Kisumu: Fundi, kwenu kuna jambo la ziada. Nakuru ni karibu mita 1,850, na jua likiwa nyuzi 25 hewa ni nyepesi: kipimo cha kasi kikisoma noti 50 (maili za baharini kwa saa), ndege inakimbia takriban 57 juu ya ardhi. Nishati ya mwendo ambayo lazima imalizwe ili isimame inaongezeka kama asilimia 30. Mpira uking'ata lami kwa kasi hiyo, muda wa kurekebisha ni mfupi mno.

Mkufunzi, Kitale: Hapo nakubali. Lakini ukanda wa nyasi unahitaji kutunzwa: ufyekwe zisivuke kifundo cha mguu, utembelewe kila asubuhi kutafuta mashimo ya ngiri na vichuguu, ng'ombe wazuiwe kwa ua. Shimo lililofichwa na nyasi linabinua ndege kifudifudi. Kaunti ikiweka bajeti ya mfyekaji na mlinzi, niko upande wako. Isipoweka, nabaki na lami na kuidai hiyo sahihi ya mkufunzi.